Mama hakumwamini Mungu kwa ajili ya mguu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juzi usiku dada mmoja msomaji wangu aliniandikia. Mwanawe ana kifafa. Ameambiwa kwamba kuendelea kumpa vidonge ni dalili ya kutomwamini Mungu, naye ananiuliza: "Dada, imani yangu ifike kiasi gani ndipo niache dawa?"

Sikulala. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi, na jibu nililopewa lilimgharimu mama yangu mguu.

Mama alikuwa na sukari, na mwaka ule alikuwa na kidonda kisichofunga kwenye kisigino. Mimi nilikuwa fundi cherehani Morogoro, nimeokoka, mwombaji hodari, na nilijiona niko mbali kiroho kuliko yeye, mwanamke wa kanisa la zamani asiyekosa ibada na asiyepaza sauti. Nilimpeleka kwenye maombezi. Mtumishi akatuambia sindano za insulini ni mlango wa mashaka. Niliuza ovaloki, mashine yangu ya kushonea kingo za nguo, nikatoa sadaka ya "mbegu". Mama hakutaka kuacha sindano. Niliyemshinikiza ni mimi. Siku 9. Siku ya 10 tulimbeba hajitambui, na hospitali wakasema mguu hauokoleki.

Nilipompigia mtumishi simu, alijibu kwamba imani yetu ilipungua. Kauli hiyo bado inaniuma hadi leo, sifichi.

Ndipo nikaanza kuisoma Biblia bila mtu wa kunitafsiria. Waebrania 11 nilikuwa naikariri: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Tulikuwa tunaihubiri mpaka kwa waliofunga vinywa vya simba na wanawake waliopokea wafu wao waliofufuliwa, tunashangilia, tunakaa. Sikuwahi kusikia mtu akimalizia mstari wa 35. Katika mstari huohuo wa wanawake waliofurahi wanaanza kutajwa wengine walioteswa, na mbele kidogo wapo waliokatwa kwa misumeno. Nao wote, mwandishi anasema, wameshuhudiwa kwa sababu ya imani. Hakuna hata mmoja anayeambiwa imani yake ilipungua.

Lugha yetu yenyewe inatusaidia hapa. Imani, amini, amana na uaminifu ni ndugu wa mzizi mmoja. Amana ni kitu unachokiweka mikononi mwa mtu kwa sababu unamjua. Kwenye Habakuki 2:4, mwenye haki ataishi kwa imani yake, neno la Kiebrania ni emuna, na neno hilohilo linatumika Kutoka 17:12 kuhusu mikono ya Musa iliyokaa imara mpaka jua lilipokuchwa. Mikono ya mzee aliyechoka! Ilikaa imara kwa kuwa Haruni na Huri waliishika huku na huku. Hata Wagalatia 5:22, pale tunaposoma "uaminifu" katika tunda la Roho, neno la Kigiriki ni lile ambalo mahali pengine tunalisoma "imani".

Kwa hiyo imani si nguvu unayoikusanya kifuani ili Mungu abanwe atende. Ni kumshika Mungu unayemjua, na kudumu kumshika jibu lisipokuja. Shadraka, Meshaki na Abednego, walipotishiwa kutupwa katika tanuru la moto, walisema Mungu wao aweza kuwaokoa. Kisha wakasema hata asipowaokoa, sanamu hawataisujudia. Ukilihubiri neno la kwanza peke yake hujaihubiri imani yao.

Na dawa? Mfalme Hezekia aliahidiwa uponyaji na Mungu mwenyewe, na nabii Isaya huyohuyo aliyeleta ahadi akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo alimwacha mwenzake Trofimo mgonjwa katika mji wa Mileto. Nani atathubutu kusema Paulo hakuwa na imani?

Mnaoniuliza nifanye nini ili imani yangu ikue, nasema: soma Neno, na soma sura nzima. Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia. Ukilishwa mstari mmoja kila Jumapili utamjua Mungu wa mstari mmoja. Soma sura nzima, ndugu zangu. Na mtu yeyote akikutaka uthibitishe imani kwa kuacha matibabu au kuuza kitendea kazi chako, ondoka hapo, hata kama anatokwa machozi akiomba.

Mama aliishi miaka 3 baada ya kukatwa mguu. Kinamama wa jumuiya walikuja kila Jumatano kumwogesha na kuimba naye. Nilipomwomba msamaha, alinyamaza kwanza, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikumwamini Mungu kwa ajili ya mguu. Nilimwamini nikiwa nayo yote miwili." Miaka yote nilidhani nina imani kuliko yeye.

Sasa wewe dada. Mathayo 17 inamtaja baba aliyemleta mwana mwenye kifafa, na Marko ameandika kilio chake: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza. Alimponya mtoto wa baba yule mwenye imani nusu.

Mpe mwanao vidonge vyake usiku huu, kwa saa yake. Kisha piga magoti kando ya kitanda umwombe Mungu amponye kabisa, maana anaweza, nami naamini anaweza. Jina la mtoto umeshanipa. Nimeliandika ndani ya jalada la Biblia ya mama, chini ya majina aliyokuwa akiyaombea yeye.