Chukua Blade Runner 2049
Mkuu, kwa muvi ya kisayansi ya kurudia kuiangalia kwa ajili ya picha tu, ni Blade Runner 2049 ya mwaka 2017. Kamera alishika Roger Deakins, na ndiyo iliyompa Oscar yake ya kwanza baada ya kuteuliwa mara 13 akitoka kapa. Subiri ifike Las Vegas: anga lote rangi ya chungwa, vumbi, masanamu makubwa yamevunjika. Kule kwa Wallace, yule tajiri mwenye kampuni ya kutengeneza watu bandia, angalia mwanga wa maji unavyocheza ukutani.

Ila inazidi saa 2 na nusu na inakwenda taratibu mno, usiiangalie kwa simu kwenye daladala la Mbagala. Runinga kubwa, taa zima. Ile iliyoingizwa sauti za madijei achana nayo, muziki wote unafunikwa.