Sijalewa, Natafuta Neno

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, mwajiri amrudishe kazini kijana aliyepatwa na kiharusi?" Nilipolisoma niliweka simu chini, kisha nikaichukua tena. Jibu hili nimeliandika kwa siku tatu, kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto.

Nilikuwa makanga, yaani kondakta wa matatu, njia ya Nakuru, Njoro, Chuo Kikuu cha Egerton, kwa miaka tisa. Kiharusi kilinikuta nina miaka 34. Jioni moja mkono wa kulia ulishindwa kushika noti, zikawa zinaniponyoka tu. Dere, yaani dereva, akaniambia nimechoka, nikalale. Nikalala. Hospitalini nilifika asubuhi, presha 210 kwa 130, ndipo nikaambiwa kwamba ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina muda wake: saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na hapo ni baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba mshipa umeziba, haukupasuka. Mimi muda huo niliumaliza nikikoroma. Watu walisema ni muguka, yale majani ya kulevya jamii ya miraa, wengine wakasema ni jirani kaniroga. Muguka nilitafuna, sikatai. Lakini presha sikuwahi kupimwa hata siku moja.

Mguu ulirudi baada ya miezi mitatu, ukiburuta kidogo. Mkono, nusu. Kilichogoma ni maneno. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye ghala la lugha pia. Ghala likiharibika wanaita afazia. Kwa afazia yangu, si kwamba huelewi. Unaelewa kila kitu, hata wanayonong'ona mashemeji jikoni. Neno unalijua, ila ukifungua mdomo linatoka jingine. Kikuyu cha mama kilirudi kwanza, Kiswahili kikafuata kikichechemea, Kiingereza mpaka leo hakijapiga hodi. Kanisani niliimba wimbo mzima bila kukwama, halafu nikashindwa kumtajia mchungaji jina langu.

Sasa niwaeleze ile Ijumaa, maana bila hiyo hamtanielewa.

Miezi minane ilikuwa imepita. Baba Shiru, dere wangu wa zamani, akanipa skwodi ya nusu siku, nimshikie makanga wake zamu. Nikavaa sare yangu ya rangi ya damu ya mzee, mke wangu akanifunga vifungo. Nikasimama mlangoni, nikavuta pumzi, nikaita. Kilichotoka ni "Nairobi". Kwa sauti nzuri kabisa, ile ya zamani. "Nairobi, Nairobi!" Masikio yalisikia kosa, mdomo ukakataa kurekebishwa. Makamagera, wale wapiga debe wa steji, wakacheka wakidhani natania. Mama mmoja mgeni wa mji, mwenye boksi la vifaranga, hakujua utani huo. Akapanda, akakaa nyuma ya dereva, boksi mapajani.

Mpaka tulipopinda kuingia barabara ya Njoro ndipo alipouliza, "Wee kondakta, kwani hii inapitia wapi?"

Nilitaka kusema, mama, samahani, nimekosea, tutakurudisha. Siku zile nilikuwa na neno moja lililokuja kila mengine yalipokataa, nalo ni "kesho". Nikamwambia, "Kesho."

"Kesho nini? Umelewa asubuhi hii?"

"Kesho," nikasema.

Gari zima likaangua kicheko. Vifaranga navyo vikalia. Tulimshusha pale pale, Baba Shiru akampa nauli ya kurudi mjini, akamwomba msamaha kwa niaba yangu. Safari ikaendelea. Komredi mmoja, mwanafunzi wa Egerton, alikuwa amenipa mia mbili, nauli yake mia na ishirini. Noti nazijua kwa macho, hesabu haikupotea, lakini makanga hutamka chenji ili gari lote lisikie imetoka. Na neno "themanini" silipati nikilitafuta peke yake, lazima nipande ngazi. Kumi, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini... Kijana akanikata: "Themanini! Ni themanini, buda, leta." Na wengine wakamsaidia, kama kwaya: "Themanini!"

Yule mama simchukii. Alikuwa na haki. Niliyemchukia ni yule kijana. Nilikuwa nimebakiza ngazi tatu.

Ndiyo maana swali lenu mimi nalisikia vingine. Mwajiri akinirudisha, nani atanisubiri ngazi tatu? Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inataka angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Matatu si chombo cha umma, na hata kingekuwa, hakuna kifungu cha kumwambia abiria anyamaze sekunde tano.

Nilipofika hapa jana usiku nilikuwa nimekasirika, nikakusudia kuandika warudishwe wote, mwenye gari apende asipende. Asubuhi nikamkumbuka mzee mmoja wa Njoro mwenye magongo. Nilikuwa nikimwona anakuja, nagonga bodi mara mbili, dere anaondoa gari kabla hajafika mlangoni. Si mara moja. Mzee anakula dakika mbili, na hesabu ya kila siku ya mwenye gari haipungui kwa sababu ya mzee.

Basi, anirudishe? Kwa njia ile, hapana. Naandika na sipendi. Egerton ina vituo vingi, kila kituo na bei yake, mvua ikinyesha zinapanda zote, na chenji ikichelewa ugomvi unaanza. Mwenye gari alipoweka kijana mwingine hakunionea. Ila hakunipigia simu. Nilimkuta kijana huyo mlangoni, nami nimeshavaa sare yangu, na hilo sitalimeza haraka. Tena nasema hapana kwa kazi yangu na mdomo wangu. Fundi wa viatu aliyebaki na mikono yake ni habari nyingine, na wako waliopona kuliko mimi.

Siku hizi naandika zamu za magari pale steji, mwandiko kama nyayo za kuku. Nimewaburuta makamagera wanne wakapimwe presha. Mmoja alikutwa na 190, ana miaka 27, akaniambia mashine ni mbovu.

Kwa hiyo nihesabuni upande wa hapana. Lakini kama mwenye gari analisoma jarida hili: nasikia umeleta gari la Kaptembwa. Njia fupi, nauli moja mwanzo mpaka mwisho, hamsini. Hamsini naitamka bila kuhesabu.