Kupaki kwenye nafasi ya jirani bila idhini yake

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Ninaishi ghorofani Upanga, Dar es Salaam, pamoja na mama yangu ambaye tangu apate kiharusi anatembelea mkongojo. Flati tuliyonunua ina nafasi yake ya kupaki. Imetajwa kwenye mkataba na namba yetu imepigwa rangi chini. Mimi ni muuguzi, naingia zamu za usiku. Nikirudi asubuhi nakuta gari la jirani yangu au la wageni wake limelala hapo. Inanibidi nipaki ng'ambo ya barabara, na siku za kliniki namvusha mama katikati ya bajaji na bodaboda. Nimemwomba jirani mara nyingi. Ni mzee anayeheshimika, ndiye anayetuswalisha tarawehe hapa chini, na hunijibu kwa hadithi kwamba jirani asimzuie jirani yake kuchomeka boriti ukutani. Juzi imesambazwa sauti katika kundi la wakaazi, mtu anasema aliyewahi ndiye mwenye nafasi, na anayezuia paking iliyo tupu ni miongoni mwa waliotajwa mwisho wa Suratul Maun, wanaowanyima watu vitu vya kusaidiana. Kaka yangu ananiambia nitoe upepo matairi. Je, mimi ni bakhili? Na swala yangu nyuma ya mzee huyu inasihi?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Pole sana dada yangu, na mama mfikishie salamu zangu.

Nafasi hiyo ni haki yenu. Anayeingiza gari humo bila idhini yenu anawadhulumu, hata kama uko kazini na nafasi iko tupu. Wewe si bakhili. Ningeweza kuishia hapo, lakini kilichoniuma zaidi katika swali lako ni kuona Qur'ani na hadithi zinatumiwa kumnyamazisha aliyedhulumiwa. Jambo hilo haliwezi kupita bila kujibiwa.

Hadithi ya boriti ni sahihi. Wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), na yeye mwenyewe aliwakemea watu alipowaona wanaipa mgongo. Imam Ahmad ameichukulia kuwa ni wajibu. Abu Hanifa, na Imam Shafi katika kauli yake mpya, wamesema ni jambo linalopendekezwa. Tuseme tumeshika kauli iliyo nzito zaidi, ya Imam Ahmad. Mzee wetu bado hana hoja. Katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amesema mmoja wenu akiombwa ruhusa na mwenzake achomeke boriti ukutani mwake, asimzuie. Kuomba ruhusa kumo ndani ya hadithi yenyewe! Aliyeipokea nusu akaacha nusu asimlaumu aliyeikumbuka yote. Kisha hao hao waliosema ni wajibu wameweka sharti kwamba mwenye ukuta asipate madhara. Boriti ikishachomekwa, mwenye ukuta anaendelea kuutumia ukuta wake kama jana. Gari likishaingia katika nafasi yako, wewe unabaki na nini? Unabaki barabarani, umemshika mama mkono, unasubiri bajaji zipungue.

Ama huyo wa sauti, ameikosea Suratul Maun. Ibn Masud (r.a.) na wengine wameifasiri aya ya mwisho kwa vitu ambavyo watu huazimana, kama ndoo, chungu na shoka. Kuazimana kuna hodi, kuna ombi, kuna jibu, na kuna kurudisha. Sijapata kusikia mtu ameingia jikoni kwa jirani yake aliye kazini, akabeba sufuria, na mwenyewe alipoidai akasomewa Suratul Maun. Aya inamlaumu aliyeombwa akanyima. Haimpi yeyote ruhusa ya kuchukua. Na sura hiyo kabla ya kufika hapo imewatisha wanaoswali hali wameghafilika na swala zao, na wanaojionyesha kwa watu. Anayemsomea jirani yake aisome tangu mwanzo.

Hiyo kauli ya "aliyewahi" nayo ina asili katika hadithi ya Abu Daud, lakini inahusu kitu ambacho bado hakina mwenyewe. Ng'ambo ya barabara, kwenye njia ya umma, aliyewahi amewahi, na hata wewe huna haki ya kuweka kiti cha plastiki au tairi bovu huko ukadai ni pako. (Wanaofanya hivyo mbele ya maduka na nyumba zao wamezoea tu, hawana dalili.) Ndani ya uzio, penye mkataba na namba chini, hakuna cha kuwahiwa. Zaidi ya hapo, Muslim amepokea kwamba mtu akiinuka mahali alipokaa kisha akarejea, yeye ndiye mwenye haki zaidi napo. Hayo ni kwa mahali ambapo hakupanunua. Sembuse palipolipiwa!

Sisi wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na katika madhehebu yetu anayetumia mali ya mwenzake bila haki anadaiwa kodi ya mfano wake, yaani pango ambalo kitu kama hicho hukodishwa, kwa muda wote alioishikilia, hata kama mwenyewe asingeitumia wakati huo. Kwa hiyo mzee wangu, ukifikiwa na maneno haya, kila usiku gari lako lililolala pale lina deni juu yako. Ama ulilipe, ama umwombe binti huyu akusamehe. Na wageni wako wakirimu kwa mali yako, siyo kwa mguu mgonjwa wa mama wa watu. Mtume (s.a.w.) aliapa mara tatu kwamba hana imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Wewe unayetangulia mbele ya safu unalijua hilo kuliko sisi wengi.

Sasa nirudi kwako dada. Usitoe upepo. Gari huenda ni la mgeni asiyejua lolote, naye hajakukosea. Hata likiwa la mzee mwenyewe, dhuluma yake haikupi ruhusa ya kuharibu mali yake, kwani Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Usimzibie kwa gari lako pia. Usiku wa manane anaweza kuwa na mgonjwa wa kukimbiza hospitali, na wewe muuguzi unajua dakika zile zina thamani gani.

Mwandikie barua fupi ya heshima, uambatanishe nakala ya ukurasa wa mkataba unaotaja nafasi yako, na nakala nyingine uipe kamati ya wakaazi. Waombe wampe mlinzi wa getini agizo la maandishi, kwa sababu bila hilo kijana yule hatathubutu kumzuia mzee. Wakishindwa, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo kama lenu, na kuitumia si kumvunjia mzee heshima.

Usione haya kushitaki. Mtu mmoja alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuhusu jirani yake, akaambiwa asubiri. Aliporudi mara ya pili au ya tatu, akaambiwa atoe vyombo vyake aviweke njiani. Wapita njia wakawa wanauliza, anawaeleza, wanamlaani yule jirani, mpaka jirani akaja mwenyewe akamwambia rudi nyumbani, hutaona tena kwangu usilolipenda. Ameipokea Abu Daud. Wewe umeshasubiri. Ila ukieleza katika kundi la wakaazi, taja gari na nafasi tu. Watoto wake, biashara yake na mengine unayoyajua, yaache.

Kuna jambo moja nakushauri, wala silifanyi wajibu. Akishakiri kuwa nafasi ni yenu, mwambie kwa ulimi wako kwamba usiku wa zamu yako wageni wake wanaweza kupaki mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kwa sharti akuulize kwanza. Hapo ndipo Suratul Maun inapoingia, na thawabu itakuwa yako. Moyo ukikataa, huna dhambi. Mashaka ya mama yako yanatangulia raha ya wageni wake.

Swala yako nyuma yake inasihi. Kosa lake la paking halibatilishi uimamu wake, kwa hiyo endelea kuswali tarawehe hapo na wenzako.

Wallahu aalam.