Muulize Fundi: Kila nguzo ya uzio imwagiwe zege?

SWALI: Shikamoo fundi. Tuna bustani ya mchicha na nyanya huku tambarare, chini ya mji wa Moshi, mita 20 kwa 25, na mbuzi wa jirani wameigeuza hoteli yao. Tumenunua nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, futi 7, na wavu. Mume wangu anataka kila nguzo imwagiwe zege. Fundi tuliyemwita anasema moramu (udongo wa changarawe) ya kushindilia inatosha. Mama mkwe anasema tunachezea hela, tupande masale, ule mmea wa mpakani. Udongo wetu ni mweusi, kiangazi unapasuka hadi kiganja kinaingia. Nimsikilize nani?
Mama wa Bustani, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Fundi wako kasema kweli, ila siku ya kazi usimwache peke yake. Sababu nitakwambia.

Kwanza nikiri kosa langu. Zamani nilimzungushia kaka yangu kiwanja kule Rau, nguzo za mkaratusi mbichi, zote nikazimwagia zege juu mpaka chini. Nikajiona fundi kweli kweli. Mti ukakauka, ukanywea, ukaacha mwanya mwembamba kati yake na zege. Maji ya masika yakaingia humo, yakakosa pa kutokea. Mwaka wa nne shemeji kaegemea uzio anaongea na simu, nguzo ikakatika usawa wa ardhi kama muwa. Kisiki kikabaki ndani ya kikombe cha zege, na kukitoa ni kutwa nzima ya sururu. Kaka hajaacha kunitania hadi leo.

Mzunguko wenu ni mita 90. Nguzo kila baada ya mita 3, zinakuja kama 30. Zege weka kwenye kona nne na nguzo mbili za geti tu, maana hizo ndizo zinazovutwa wavu ukikazwa na geti likining'inia. Kwa hesabu yangu mifuko 2 ya saruji inatosha na kubaki. Mwambie mzee wa nyumba kwamba zote 30 zingekula kama 7.

Nguzo za katikati ni za moramu. Chimba futi 2, upana mara tatu ya nguzo. Ule udongo mweusi usiurudishe shimoni. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, nguzo inabaki inacheza kama jino bovu. Chini tandika kokoto kidogo maji yapate pa kwenda, simamisha nguzo, weka pima maji pande mbili, kisha tia moramu yenye unyevu inchi 6 tu. Shindilia kwa kitako cha mtalimbo ukiizunguka. Mwanzoni italia dufu, dufu. Ikikaza, mtalimbo unaruka na kukurudia mkononi. Hapo ndipo unatia inchi 6 nyingine. Na hapo ndipo wenzangu wanapoiba: wanajaza shimo lote kwa mkupuo, wanakanyagakanyaga juu kwa buti, wanakuonyesha pamekuwa pagumu. Chini ni pumba tupu. Kaa naye, hata kama ni kwa kisingizio cha kumletea chai.

Kwenye mashimo ya zege, tako la shimo liwe pana kuliko mdomo. Zege likitanuka juu kama uyoga, udongo wenu ukivimba utalisukuma litoke. Saruji karai 1, mchanga 2, kokoto 4. Nguzo ikanyage kokoto, si zege, na juu zege liinuke kidogo kuliko ardhi, limwage maji nje. Kona zitegemezwe kwa mihimili kufuata pande zote mbili za uzio. Zege limwagilie asubuhi na jioni, wavu usivutwe kabla ya siku 7.

Nguzo ikiwa ndefu, kata kichwani, usikate kitako. Dawa haifiki hadi kwenye kiini; ukikata chini umemfungulia mchwa mlango. Wapo watakaokushauri upake oili chafu. Kwenye bustani ya mchicha? Achana nayo.

Mama mkwe usimjibu vibaya. Masale ndiyo mpaka wetu Wachaga tangu mababu, na ndiyo tunayobeba kwenda kuomba radhi. Lakini masale yanamwambia mtu "hapa mwisho", na mbuzi hajui lugha hiyo. Mpe kazi nyingine: achomeke vijiti vya mbono kaburi kati ya nguzo masika yakianza. Vinashika haraka na mbuzi hawali. Watoto tu waonywe wasile mbegu zake, zina sumu.

Mashimo chimbeni mwezi wa sita. Mkingoja hadi wa tisa, udongo huo mtaupasua kwa nyundo.