Wageni wa bila simu: kwetu Bukavu walirudishwa na watu wa volkano

Mwenye uzi anauliza kama, baada ya korona, watu wamerudia kutembeleana bila kupigiana simu kwanza. Ninaishi Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwangu jibu ni ndiyo, lakini si kwa njia niliyoitegemea.

Zamani Jumapili baada ya misa ulisikia "hodi, muko?" na mtu yuko tayari ndani anavua viatu. Machi 2020 ikaja hali ya dharura: mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 marufuku, mpaka wa Ruzizi, wa kwenda Rwanda, umefungwa. Shangazi yangu anakaa Kamembe, hapo ng'ambo tu. Miezi ikapita tunasalimiana kwa simu.

Mlangoni tuliweka bidoni ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni ndani ya soksi. Mgeni akifika anaitazama kwanza, halafu anatutazama usoni. Ndipo watu wakaanza kuuliza: "Tupite saa kumi?" Ukishaulizwa hivyo, mama wa nyumba, unaanza kutafuta nyama, unakopa soda, unaona aibu ya viti. Unajibu "labda wiki ijayo". Dharura iliondolewa Julai, simu ya kuomba nafasi ikabaki. Mimi nasema gharama ndiyo iliyotuachanisha, kuliko hata virusi.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, volkano ya karibu na Goma, ikalipuka. Tarehe 27 wakaamuru mitaa kadhaa ya Goma ihame. Wengine wakashika njia ya Sake, wengine Rwanda, wengine wakapanda boti za kuja huku. Siku ile giza likianza, hodi. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, mumewe, watoto wanne, na mama mmoja nisiyemjua, mtoto mgongoni, sufuria mkononi.

"Yaya, mbona hukupiga?"

"Ningekupigia ili uniambie nini?"

Nilikuwa na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za watu watatu. Tukaziongezea nyanya mpaka zikawa mchuzi mwekundu wenye macho machache ya samaki, tukasonga bugali mara mbili, tukala watu kumi na mmoja. Maji ya kupikia yakaisha. Kijana wangu akaibeba ile bidoni ya mlangoni kwenda kuteka. Haijarudi mlangoni hadi leo. Sisemi ilikuwa busara, korona ilikuwa bado ipo. Lakini ungewaweka wapi?

Walirudi Goma mwezi wa sita. Tangu hapo majirani waliokuwa wamekuja kuwapa pole wakaendelea tu kuingia, na mimi kwao, bila soda. Marafiki wa mume wangu, wale wenye mageti, bado wanapiga simu kwanza, hao waacheni.

Yule mama wa sufuria naye, akishuka botini na biashara yake, hufika kwangu bila taarifa. Mara ya mwisho alinikuta nafua. Hakuuliza kama nina nafasi. Alivuta kigoda, akachukua mboga zangu za lengalenga, akaanza kuzichambua.