Barua kwa mwanangu: Cessna 172 na kilele cha Kibo

Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Umeuliza kama Cessna 172S unayojifunzia, ikiruka kutoka hapa Tanga, inaweza kupanda hadi ivuke juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Haiwezi. Kitabu chake kinaipa mwisho wa futi 14,000, na Kibo ina mita 5,895, yaani futi 19,341. Hata Mlima Meru, mita 4,562, unapita kimo cha ndege hiyo. Ila swali lako la pili, namna ya kuifikisha hapo inapoishia, nalijibu kwa kirefu.

Hizo futi 14,000 si dari la kugonga kichwa. Ni kimo ambacho ndege iliyojaa uzito unaoruhusiwa inabaki na uwezo wa kupanda futi 100 tu kwa dakika. Usawa wa bahari inapanda 730. Injini yake haina tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inavuta hewa kama ilivyo, na huko juu kanieneo ya hewa ni kama asilimia 59 ya hii ya pwani. Ukipiga hesabu, futi 10,000 za kwanza zinachukua dakika 21 hivi, na 4,000 zilizobaki zinakula 23 nyingine.

Tena hiyo ni hewa ya kwenye majedwali: nyuzi 15 usawa wa bahari, zikipungua nyuzi 2 kila futi 1,000. Hewa ya kwetu huizidi kwa kama nyuzi 14, chini na juu. Hewa ya joto ni nyepesi kama ya juu zaidi: kila nyuzi iliyozidi ni sawa na kuongeza kimo futi 120, jumla karibu 1,700. Kwa hiyo altimita, kile kipima kimo, ikisoma 12,300, ndege iliyojaa imeshafika mwisho wake. Punguza mzigo, utarudishiwa sehemu ya futi hizo. Na uruke asubuhi mapema, kabla mawingu hayajajijenga juu ya Usambara.

Panda kwa nguvu zote za injini, kasi noti 74 (maili za baharini kwa saa) ukiwa usawa wa bahari, ikishuka hadi 72 ufikapo futi 10,000. Wanafunzi wengi wakiona upandaji umelegea huinua pua. Usifanye hivyo: kasi inapotea, upandaji unakufa kabisa, na ukizidi kuvuta mbawa zinaacha kuibeba ndege. Kugeuka nako kunakula nguvu. Huko juu laza mbawa nyuzi 10, zisizidi.

Kishikio chekundu cha mchanganyiko, kinachopima mafuta yanayochanganywa na hewa ya injini, ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Kuanzia futi 3,000 kivute taratibu hadi mizunguko ya propela ifike kilele, kisha kirudishe ndani kidogo. Rudia kila unapopanda futi 1,000 au 2,000. Usipofanya hivyo mafuta yanaizidi hewa, injini inakohoa, plagi zinashika masizi, nawe utadhani ndege imefika mwisho kumbe ni mkono wako.

Sasa mwili wako, ambao ndio unaonitia wasiwasi. Ukosefu wa oksijeni hauumi. Unamfanya mtu ajisikie vizuri, achangamke, huku hesabu rahisi zikimshinda na kucha zikigeuka bluu. Kipimo cha kimataifa kinataka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 kati ya futi 10,000 na 13,000, na muda wote akiwa juu ya 13,000. Mimi nakutaka uanze kuivuta kwenye 10,000. Chukua chupa, mipira ya puani, na kile kipimo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu. Kikisoma chini ya asilimia 90, shuka hata kama unajiona mzima. Usijipake mafuta ya midomo siku hiyo, maana mafuta na oksijeni hushika moto upesi.

Kibali cha waongoza ndege ukiombe mapema, kwa kuwa utaingia kwenye vimo vya ndege kubwa kuliko yako.

Kushuka usiharakishe. Futi 500 kwa dakika zinatosha, na hiyo ni karibu nusu saa. Punguza nguvu kidogo kidogo ili silinda zisipoe ghafla, na kila unaposhuka rudisha kishikio chekundu ndani. Ukikiacha kilivyokuwa juu, injini itakosa mafuta ya kutosha karibu na ardhi. Mafua yakikubana siku hiyo ahirisha, masikio hayatazibuka wakati wa kushuka.

Niandikie uzito wenu na lita za mafuta mtakazobeba, nikupigie hesabu kabla hamjaruka.

Mama yako