E3 ilikufaje? Jibu kwa mkuu aliyeuliza

Mkuu umeuliza E3 ilikufaje wakati ndo ilikuwa baba la maonyesho ya magemu. Iko hivi, zamani kampuni za gemu zilikuwa zinabanwa huko CES, maonyesho ya vifaa vya elektroniki, pamoja na watu wa tivii na redio, wakachoka, Mei 1995 wakaanzisha yao pale Los Angeles. Na mwaka huo huo wa kwanza moto uliwaka: Sega wametangaza mashine yao ya gemu, Saturn, dola 399 na tayari ipo madukani, jamaa wa Sony, Steve Race, akapanda jukwaani kuitaja bei ya mashine yao, PlayStation, akatamka "299" akashuka, basi, makofi ukumbi mzima. Mimi naona hapo ndo ilipokuwa raha yote ya E3.

2007 waliipunguza wakaipeleka Santa Monica, ikapoa kabisa, 2009 ikarudi na ukubwa wake. Kilichoiua hasa ni mtandao, Nintendo kuanzia 2013 waliacha ule mkutano mkubwa wa jukwaani wakawa wanarusha video zao wenyewe, Sony 2019 hawakwenda kabisa, maana ulipie banda la hela zote zile wakati mashabiki wote wako YouTube? Korona ikafuta ya 2020, 2021 ikawa ya mtandaoni tu, halafu Desemba 2023 ESA, chama cha kampuni za gemu kilichokuwa kinaiandaa E3, wakatangaza imeisha moja kwa moja. Inauma sana aisee.